Tofauti ya “must not be taken off” na “need not be taken off”, na vitenzi vya aina hiyo katika kauli ya kutendwa

Mhudumu wa Zamu ya Usiku

Salaam kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa pili nikifanya kazi katika makao ya kutunzia wazee huku Uingereza. Kiingereza nilikisoma tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne na mtihani nikaupasi vizuri, lakini Kiingereza cha daftari la zamu kimenionyesha kwamba bado nina safari. Shuleni tulifundishwa “postpone”, “tolerate”, “submit” na “investigate”. Huku karibu kila jambo husemwa kwa kitenzi kifupi kinachofuatwa na kijineno, kama “put off”, “put up with”, “hand in” na “look into”. Vikiwa katika kauli ya kawaida nimeshavizoea. Kinachonitatiza ni pale vinapogeuzwa kuwa kauli ya kutendwa na kutanguliwa na “must”, “may”, “should”, “need” na wenzao.

Nitatoa mifano mitatu ya kweli. Wiki mbili zilizopita nilipokea zamu saa mbili usiku. Katika daftari, chini ya jina la bibi mmoja mwenye kidonda mguuni, muuguzi wa mchana alikuwa ameandika: “The dressing need not be taken off before Friday.” Niliielewa kwamba bendeji ile ni marufuku kufunguliwa hadi Ijumaa. Usiku wa manane bibi akajimwagia chai, bendeji ikalowa hadi ndani, nami sikumwita hata muuguzi wa zamu kwa kuwa niliamini kwamba haifunguliwi kwa vyovyote. Niliipangusa kwa taulo juu juu, nikambadilishia shuka, nikamwacha alale. Alfajiri muuguzi aliniuliza kwa nini bibi ameachwa na bendeji mbichi kwa saa tano, na nilipomwonyesha sentensi ile akaniambia kwa upole kwamba haikukataza lolote. Tangu siku hiyo sina amani kila ninapofungua daftari, kwa sababu anayelipia makosa yangu ya sarufi ni mzee wa watu.

Mfano wa pili ni sentensi niliyoandika mwenyewe: “She was fallen down in the bathroom.” Msimamizi aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza nani alimsukuma. Mfano wa tatu ni hii: “She must be looked all night.” Nilikusudia kusema kwamba lazima aangaliwe usiku kucha, nikaambiwa kuna neno limekosekana, ila sikuelezwa kwa nini neno hilo halikuweza kuachwa wala kwa nini linakaa mwisho kabisa kama kitu kilichosahauliwa.

Naomba anayejua anieleze kwa misingi. Orodha za kukariri ninazo nyingi na hazijanisaidia.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka 31, na ninakuhakikishia kwamba makosa yako si ya uzembe. Yote matatu yana mantiki, na mantiki hiyo inatoka katika Kiswahili chetu. Nitaanza na lile la bendeji kwa kuwa ndilo lenye hatari.

Katika Kiingereza, “not” hukaa baada ya kitenzi kisaidizi bila kujali inakanusha nini. Kwa macho, “must not be taken off” na “need not be taken off” ni pacha, na umbo lao halikuambii kwamba katika ya kwanza kinachokanushwa ni kule kutolewa, ilhali katika ya pili kinachokanushwa ni ule ulazima wenyewe. Kiswahili kinaitofautisha hali hii wazi kabisa, kwa sababu sisi huweka ukanushi mahali unapofanyia kazi. “Lazima isitolewe” ina ukanushi ndani ya kitenzi cha pili, na hiyo ndiyo “must not be taken off”. “Si lazima itolewe” ina ukanushi mbele ya lazima, na hiyo ndiyo “need not be taken off”, ambayo Wamarekani zaidi, na Waingereza pia katika mazungumzo, huisema “does not have to be taken off”. Kwa hiyo sentensi uliyoisoma ilimaanisha kwamba hakuna haja ya kuifungua bendeji kabla ya Ijumaa mambo yakiwa ya kawaida. Chai ilipomwagika, mambo hayakuwa ya kawaida tena.

Ulinaswa wapi basi? Nadhani hukuifasiri kwa “si lazima” bali kwa “haipaswi” au “haitakiwi”, na hapo ndipo penye shimo. Ukilichambua neno “haipaswi” kipande kwa kipande, utapata kwamba linakanusha ule wajibu, kwa hiyo lingetarajiwa kumaanisha “hakuna wajibu wa kuitoa”. Hakuna Mswahili anayelisikia hivyo. Ukiambiwa “bendeji haipaswi kutolewa”, unaelewa ni katazo. Kiingereza nacho kina visaidizi vyenye tabia ya “haipaswi”, navyo ni “should not”, “ought not to” na “is not supposed to”. Wewe uliiongeza “need not” katika kundi hilo, nayo si ya humo. Ninashauri kwamba kila unapoiona “need not” au “do not have to” useme moyoni “si lazima” kabla ya kuendelea na sentensi, na unapoiona “must not” useme “ni marufuku”. Vidonge vinavyotoa dawa polepole mwilini ni mfano mzuri wa uzito wa jambo hili: “These tablets must not be crushed up” ni onyo, kwa sababu vikipondwa dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo mmoja, ilhali “need not be crushed up” ingemaanisha tu kwamba mgonjwa anaweza kuvimeza vizima.

“May not” ihadhari zaidi, kwa kuwa ina sura mbili. “Visitors may not be let in after eight” ni katazo, lakini “The parcel may not be sent back today” kwa kawaida ni huenda: huenda kifurushi kisirudishwe leo. Hapa hakuna kanuni itakayokuokoa isipokuwa muktadha, na pale muktadha usipotosha, uliza.

Sasa nafasi ya kijineno. Mpangilio ni huu, nao haubadiliki: kitenzi kisaidizi, kisha “be”, kisha umbo la tatu la kitenzi, kisha kijineno, na mtenda akitajwa anakuja nyuma ya vyote kwa “by”. “She must be looked after by a nurse.” “The meeting may be put off.” “The rule ought to be done away with.” Katika kauli ya kutenda, kwa vitenzi kama “take off” (si vyote, kwani “look after” haikubali), kitu kinachotendwa kinaweza kuingia katikati, ndiyo maana unasikia “take off the dressing” na “take the dressing off”, na kikiwa kiwakilishi hakina budi kuingia katikati, yaani “take it off”. Katika kauli ya kutendwa kitu hicho kimeshapanda mbele na kuwa kiima, hivyo hakuna kilichobaki cha kukaa kati ya “taken” na “off”. Wawili hao wanabaki kama chanda na pete. Wewe umekiona kijineno kama kitu kilichosahauliwa mwisho wa sentensi. Mimi ninakuomba ukione kama silabi ya mwisho ya kitenzi. “Look” peke yake ni kutazama tu, na kwa maana hiyo haichukui kitu moja kwa moja. Kinachomchukua bibi yako ni “look after”, kitenzi kizima. Ukikikata kichwa na kiwiliwili huna tena cha kugeuza kuwa kauli ya kutendwa.

Nitaingiza hapa neno dogo kwa faida ya walimu wenzangu wanaosoma. Wapo waliofundishwa kwamba ni kosa kumaliza sentensi kwa kihusishi, na wanawakata wanafunzi alama kwa sababu hiyo. Lawama hizo ni za zamani. John Dryden, mshairi wa Kiingereza, alizitoa mwaka 1672. Katika kauli ya kutendwa hazina msingi kabisa, kwa kuwa “This matter must be looked into” haina namna nyingine ya kupangwa. Msiwaadhibu watoto kwa kuandika Kiingereza sahihi.

Nimalizie na bibi aliyeanguka. Kabla ya kuunda kauli ya kutendwa, jiulize kama sentensi ya kutenda ina mtendwa. “We look after her” inaye, yaani “her”. “She fell down” hana, kwa hiyo hakuna wa kumpandisha mbele, na “was fallen down” haiwezi kuundwa kama vile sisi tusivyoweza kusema “aliangukwa”. Msimamizi alipoiona “was” akadhani umekusudia “was knocked down” au “was pushed over”, ambayo kwetu ni “aliangushwa”, na katika makao ya wazee “aliangushwa” ni tuhuma. Ndugu wa sentensi yako ni ile ninayoisikia kila mwaka, “I was grown up by my grandmother”. “Grow up” ni kukua, na hakuna anayekuzwa kwayo. Aliyelelewa na bibi yake aseme “I was brought up by my grandmother”.

Tahadhari pia na vitenzi vyenye maisha mawili. “The lift was broken down” si sahihi kwa lifti iliyoharibika, kwa maana lifti yenyewe ndiyo “has broken down”, lakini “The door had to be broken down” ni sahihi kabisa, mlango ulibidi uvunjwe. Vivyo hivyo bendeji inaweza “be taken off”, ilhali ndege yenyewe “takes off”.

Mfasiri, Mombasa

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yaliyoshiba. Ningependa kuongeza mambo mawili kutoka upande wa Kiswahili, kwa sababu ninaamini kwamba lugha yetu inazo nyenzo zote za kuielewa kauli hii, ila hatufundishwi kuzitumia.

La kwanza ni kauli ya kutendewa. Mtu akikuonyesha sentensi “This bed has not been slept in”, unaweza kushangaa kwamba kitanda kimekuwa kiima na “in” imebaki ikining’inia. Lakini sisi husema “kitanda hiki hakijalaliwa”, na katika neno hilo moja kuna kila kitu: lala, kisha kiambishi kinachobeba kazi ya ile “in”, kisha kiambishi cha kutendwa. “Kiti hiki kisikaliwe” ni “This chair must not be sat on”. Kile ambacho Mwingereza hukiandika kama neno la pekee nyuma ya kitenzi, Mswahili hukishona ndani ya kitenzi. Ndiyo maana kukiacha kijineno katika Kiingereza ni sawa na kusema “kitanda hakijalalwa”. Msikilizaji anahisi kuna tundu katika neno. Wewe dada, au kaka, hujawahi kukosea “kulaliwa” maishani mwako. Ile ile hisia inayokuambia kwamba “kulalwa” haijakaa sawa ndiyo unayopaswa kuihamishia katika “looked after”.

La pili ni -ik- (pengine -ek-), kile kiambishi cha kauli ya kutendeka, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Wanafunzi huona “can be” pamoja na kitenzi cha kijineno kuwa mzigo wa maneno manne au matano, ilhali kwetu maneno yote hayo huenea katika neno moja. “These noises cannot be put up with” ni “kelele hizi hazivumiliki”. “She can be relied on” ni “anategemeka”. “Her handwriting can’t be made out” ni “mwandiko wake hausomeki”. Katika -ik- tayari mna uwezekano na kutendwa kwa pamoja, na kwa miaka mingi ya kutafsiri nimeona kwamba anayeanza kwa kufikiri “hausomeki” hufika kwenye Kiingereza sahihi haraka kuliko anayeanza kwa kupanga visaidizi kimoja kimoja.

Hata hivyo kuna mahali ambapo -ik- inadanganya, na panagusa moja kwa moja lifti ya Mwalimu. Tunaposema “lifti imeharibika”, umbo hilo linatuelekeza tutafute kauli ya kutendwa katika Kiingereza, tunaandika “is broken down” kwa kusudio la kutendwa, kisha tunakosea. -ik- mara nyingine inasema kwamba jambo linawezekana, na mara nyingine inasema tu kwamba hali imetokea bila mtu yeyote nyuma yake. Ikiwa ni uwezekano, nenda kwa “can be”. Ikiwa ni hali iliyotokea yenyewe, tafuta kwanza kitenzi kisicho na mtendwa. Na kwa kuwa -ik- haikubali mtenda, hatusemi “hazivumiliki na sisi”, lakini Kiingereza kinakubali “cannot be put up with by anyone”. Hapo utarudi kwenye kutendwa ya kawaida: “haziwezi kuvumiliwa na mtu yeyote”.

Jambo dogo la mwisho. Kiingereza tunachokizungumza Afrika Mashariki kina mazoea yake ya kuangusha kijineno mahali fulani na kukiongeza pengine. Tunasema “pick the phone” mahali pa “pick up”, na kwa upande mwingine tunasema “cope up with” wakati Waingereza husema “cope with” tu. Nyumbani tunaelewana bila shida, nami siyaiti mazoea hayo ujinga. Lakini daftari lako linasomwa na watu wengine, kwa hiyo “The call could not be picked” iandike “could not be picked up”.

Mkaazi wa Glasgow

Mimi nimeishi Skotlandi kwa miaka mingi, na ningependa kusema kuhusu yale ambayo ndugu yetu atayasikia kwa masikio au kuyaona katika maandishi ya haraka, kwani waliotangulia wameeleza sarufi ya vitabu kwa ukamilifu.

Wauguzi wenye haraka huangusha kisaidizi chote na kubakiza “to be”. Utaona “Heater to be switched off at ten” au “Not to be woken up before seven”. Usidhani kwamba sentensi haijakamilika na kwamba una hiari. Hiyo “to be” ni amri, na “not to be” ni katazo lenye nguvu ya “must not be”. Kwetu ingeandikwa “hita izimwe saa nne” na “asiamshwe kabla ya saa moja”, amri kamili isiyo na neno “lazima” ndani yake.

Pili, utasikia watu wa England wakisema “That dressing wants taking off” au “needs taking off”. Ina maana ya kutendwa ingawa hakuna “be” wala umbo la tatu. Rafiki yangu kutoka Bujumbura aliwahi kuniuliza bendeji inawezaje kutaka kitu, nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe asubuhi ile alisema “nguo zangu zinataka kufuliwa”. Huku Skotlandi, na Ireland ya Kaskazini pia, utasikia “needs taken off”, bila “to be” katikati. Wenyeji huisema bila wasiwasi, ila katika daftari la England andika “needs to be taken off”.

Tatu, masikio. “Can be” na “can’t be” zimewatesa wageni wengi, kwa kuwa ile “t” ya mwisho humezwa na “b” inayofuata. Usiisubiri “t”. Sikiliza uzito wa neno: katika “can be put off” neno “can” hupita jepesi na kwa haraka sana, ilhali katika “can’t be put off” hutamkwa kwa mkazo, na England ya kusini irabu yake hurefushwa. Skotlandi utasikia “cannae”, nayo kwa bahati nzuri haichanganyi mtu. Kijineno chenyewe pia kina mkazo wake. Katika “put off”, “switched off” na “handed in” mkazo mkubwa huangukia kijineno, lakini katika “dealt with” na “relied on” huangukia kitenzi. Ukiweka mkazo mahali pake, watu hukuelewa hata ukikosea kitu kingine.

Nimefurahi Mwalimu alipotaja “look after”, maana ninataka kuongeza sentensi moja iliyobandikwa ukutani mahali nilipowahi kufanya kazi: “Residents must never be talked down to.” Vijineno viwili mfululizo, “down to”, vyote mwishoni, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuondoka. Maana yake ni kwamba wazee wasisemeshwe kama watoto wadogo. Niliisoma kila asubuhi nikining’iniza koti langu, na ndiyo iliyonifundisha mpangilio huu kuliko kitabu chochote.

Mhudumu wa Zamu ya Usiku

Nawashukuru sana. “Si lazima itolewe” na “lazima isitolewe” nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati langu la kazini, na “hakijalaliwa” imenifungua macho kuliko nilivyotarajia.

Ninaomba niulize moja tu la mwisho. Jana usiku nilikuta vizuizi vya kando ya kitanda cha babu mmoja vimeshushwa, na mwenzangu akasema: “They must have been put down by the physio.” Nilidhani anasema kwamba mtaalamu wa viungo ndiye anayelazimika kuvishusha, nikajibu kwamba hayupo usiku. Akacheka, tukaendelea na kazi, lakini sikupata maelezo. Je, “must” hii ni ile ile? Na tofauti yake na “should have been put up” ni ipi?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ni neno lile lile lenye kazi nyingine. Panapoingia “have been”, tunazungumza juu ya jambo lililokwisha kupita, na jambo lililopita haliamrishwi. Kwa hiyo “must have been put down” haiwezi kuwa amri. Ni makisio ya mtu mwenye uhakika mkubwa: bila shaka vilishushwa na mtaalamu wa viungo, itakuwa ni yeye. Kiswahili nacho kinafanya hivyo hivyo, kwani tukikuta kufuli limevunjwa tunasema “lazima wezi waliingia”, na hakuna anayedhani kwamba wezi walikuwa na wajibu wa kuingia. Kinyume cha makisio hayo kwa kawaida si “must not have been” bali “can’t have been put down”, yaani haiwezekani kwamba vilishushwa. Ukiwa na shaka, shuka hadi “may have been” au “might have been”: huenda vilishushwa.

“Should have been put up” ni kitu kingine kabisa, nayo ni nzito katika daftari. Inasema kwamba vilipaswa kuinuliwa na havikuinuliwa, na ndani yake mna lawama kwa mtu fulani hata kama hajatajwa. Usiiandike kwa wepesi kuhusu mwenzako.

Halafu kuna moja inayowapotosha hata wanafunzi wangu bora. “He needn’t have been woken up” haimaanishi kwamba hakuamshwa. Maana yake ni kwamba aliamshwa, na kuamshwa huko hakukuwa na haja. Ukiisoma kuhusu babu yako, ujue usingizi wake ulikatizwa bure.

Ukipenda, andika upya taarifa ya yule bibi wa bafuni tuione.

Mhudumu wa Zamu ya Usiku

Nimejaribu hivi, Mwalimu:

“She fell down in the bathroom at 2.10. The light may have been switched off. She must be looked after by two carers when she gets up. The dressing on her leg got wet and must be taken off by the nurse now. It must not be left on until Friday.”

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Sarufi yake ni safi, na “looked after” imekaa mahali pake pamoja na “by” nyuma yake. Nina pendekezo moja la maana, si la sarufi. Kwa tendo la kumsaidia mtu kuinuka na kutembea, daftari huandika “must be helped up by two carers”, kwa sababu “looked after” ni kutunzwa kwa jumla na hakumwambii anayepokea zamu afanye nini hasa. Na ile “The light may have been switched off” ibakize tu ikiwa kweli huna hakika. Kama uliikuta taa imezimwa kwa macho yako, andika “The light had been switched off”.